Umoja wa kamba fupi au ndefu? Maswali ninayoulizwa Mbeya kuhusu Afrika Mashariki, SADC na sheria za pamoja

Kazi yangu ni karatasi. Mwenye mchele anauza mchele, mwenye lori anaendesha lori, na mimi nahakikisha mzigo una vyeti vyake kabla haujapita Uyole. Maswali yanayonijia ni yale yale, ya vyeti na ya siasa kwa pamoja, kwa sababu mtu akikwama mpakani anataka kujua karatasi gani imekosekana na pia nani alitunga sheria hiyo na kwa nini jirani haifuati. Nimeyaandika hapa ili mtu akinipigia saa nne usiku yuko Tunduma, nimwambie akasome kwanza.

Mbeya tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki au tuko SADC?

Kote kuwili. Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya yenye makao Arusha na ni mwanachama wa SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yenye makao Gaborone. Lakini mtu wa Nyanda za Juu Kusini aangalie ramani akiwa amesimama alipo. Mipaka yetu ya kila siku ni Tunduma kwenda Nakonde, Zambia, na Kasumulu kwenda Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Zambia na Malawi haziko Afrika Mashariki, ziko SADC. Mtu wa Namanga au Mutukula, kwenye mipaka ya Kenya na Uganda, akisema "mpakani" anazungumzia sheria za Jumuiya. Sisi tukisema neno lilo hilo tunazungumzia kitabu kingine kabisa.

Kwa hiyo redio ikitangaza kwamba wafanyabiashara wadogo wamerahisishiwa mambo, uliza kwanza ni mpaka upi. Ule utaratibu wa cheti rahisi cha uasili (karatasi inayoonyesha bidhaa imetoka nchi gani) kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, unaojazwa pale pale mpakani, ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mama anayevusha magunia matatu ya maharage kwenda Nakonde hawezi kuutumia, hata kama ameusikia mara mia.

Nikipeleka mchele Zambia natumia cheti cha uasili cha Afrika Mashariki au cha SADC?

Cha SADC. Nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi nilimwandalia mteja cheti cha Afrika Mashariki kwa tani kumi za mchele wa Kyela uliokuwa unakwenda Nakonde. Afisa wa upande wa pili alikigeuza mbele na nyuma, akakisoma kama barua ya posa, kisha akaniuliza kwa upole, "Kaka, Zambia imeingia lini Jumuiya?" Lori lililala siku tatu. Gharama ya maegesho nililipa mimi.

Na mzigo wa Kongo je? Si Kongo nayo ni Jumuiya siku hizi?

Ndiyo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia mwaka 2022. Na hapo ndipo utaona maajabu ya ramani. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi linatoka nchi ya Jumuiya na kuishia nchi ya Jumuiya, ila katikati linakatiza Zambia, ambayo si ya Jumuiya. Pale Tunduma, kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais Magufuli na Lungu kinahudumia foleni moja yenye vitabu zaidi ya kimoja. Dereva aliye mbele yako na dereva aliye nyuma yako wanaweza kuwa na makaratasi yasiyofanana hata kidogo, na wote wako sahihi.

Kwa nini nchi moja iwe kwenye jumuiya mbili? Si ingechagua?

Wapo wanaoona ni tamaa. Mimi naona ni historia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mstari wa mbele katika ukombozi wa kusini, na mwaka 1980 pale Lusaka ilikuwa miongoni mwa zilizoanzisha chombo kilichokuja kuwa SADC mwaka 1992. Kabla ya hapo ilishajenga TAZARA pamoja na Zambia kwa msaada wa China, kilomita 1,860 hivi kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Ukitaka kuona hali hii kwa macho, nenda Kidatu. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, upana wa reli za kusini mwa Afrika. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, kama reli ya kikoloni ya Kenya na Uganda. Zinapokutana Kidatu, behewa haliwezi kuendelea. Mzigo unashushwa huku, unapakiwa kule. Nchi moja, bendera moja, na tofauti ya milimita 67 inayolazimisha watu wabebe mizigo. Kila ninaposikia neno "kuoanisha sheria" nawaza makuli wa Kidatu.

Halafu kuna COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Hata hivyo ule mpango wa bima ya gari wa COMESA, ile kadi ya njano ambayo kila dereva wa Tunduma anayo kwenye droo ya gari, Tanzania bado inashiriki. Tumeondoka nyumbani lakini ufunguo wa stoo tumebaki nao, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu ajali haisubiri wakuu wa nchi wakutane.

Nasikia Jumuiya inaruhusu nchi kwenda kwa kasi tofauti. Imeandikwa wapi?

Kwenye Mkataba wenyewe, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000. Ibara ya 7 inataja kanuni za kuendesha Jumuiya, na tatu kati yake ndizo zinazotuhusu hapa. Moja inasema jambo lifanywe na ngazi ya chini kabisa inayoliweza, lisipelekwe Arusha bila sababu. Nyingine inaruhusu baadhi ya wanachama kutangulia katika jambo fulani, wengine wafuate wakiwa tayari. Ya tatu inakubali kwamba nchi hazilingani nguvu, kwa hiyo mizigo ya mabadiliko isigawanywe kama pipi za watoto, moja moja kwa kila mtu.

Waliowahi kupanda Kitonga wananielewa. Malori ishirini yanapanda mlima mmoja, barabara moja, na kila moja liko kwenye gia yake kulingana na mzigo na injini. Anayemlazimisha mwenye tani 30 aende sawa na basi tupu anatafuta msiba. Lakini na yule anayeamua kushika upande wa kulia kwenye kona, eti ana haraka, naye ni msiba vile vile. Barabara ina mstari. Kasi ni yako, mstari ni wa wote.

Hiyo ya "kasi tofauti" si kisingizio cha kukwepa tu?

Inaweza kuwa. Ndiyo maana suala lilifikishwa Mahakama ya Afrika Mashariki, na mwaka 2009 ilitoa maoni ya ushauri. Swali lilikuwa kama kanuni hii inagongana na ile inayotaka wakuu wa nchi waamue kwa maafikiano. Mahakama ikaona hazigongani: maafikiano yanahusu namna ya kuamua, kasi tofauti inahusu namna ya kutekeleza kilichoamuliwa. Kwa lugha ya kijiweni, harusi inakubaliwa na ukoo mzima, ila si lazima wote mfike ukumbini kwa gari moja.

Kuna mifano miwili ya karibu, na ladha zake hazifanani kabisa.

Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kukutana zenyewe, magazeti yakaziita muungano wa walio tayari. Kuanzia 2014 raia wao wakawa wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, na mtalii akawa anapata viza moja kwa nchi zote tatu. Tanzania na Burundi hazikuwemo. Rais Kikwete alilihutubia Bunge Novemba 2013 akaeleza kwamba Tanzania imo na itabaki kwenye Jumuiya. Sheria iliruhusu walichofanya wale watatu. Kilichouma ni kwamba mikutano ilifanyika na mwenye nyumba mmoja anasikia redioni.

Mfano wa pili ni mkataba wa kibiashara na Umoja wa Ulaya. Kenya na Rwanda zilisaini mwaka 2016, Tanzania ikakataa. Watu walisema Tanzania inaharibu umoja, lakini tazama maslahi. Kenya haimo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, kwa hiyo bila mkataba maua yake yangetozwa ushuru Ulaya. Tanzania imo kwenye kundi hilo, na chai ya Mufindi au kahawa ya Mbozi ilikuwa tayari inaingia bila ushuru. Kwa nini ifungue soko lake kwa kitu inachopata bure? Februari 2021 wakuu wa nchi wakaafikiana kwamba anayetaka kuendelea aendelee. Kenya ikasaini wa kwake Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024. Hakuna aliyefukuzwa wala aliyenuna kwa muda mrefu. Huu wa pili ndio namna ninayoiona nzuri: uliruhusiwa mezani, mbele ya wote.

Jumuiya ya kwanza ilivunjika kwa nini? Wazee hapa wana majibu kumi.

Na yote kumi yana ukweli kidogo. Jumuiya ile ilianza 1967 ikiwa na nchi tatu, ikavunjika 1977. Ilikuwa imefungana kuliko hii ya leo: shirika moja la ndege, reli moja, bandari, posta na simu, vyote vya pamoja. Wazee wa hapa waliofanya kazi reli ya Afrika Mashariki bado wana hadithi za pensheni za kuliza.

Kulikuwa na lawama kwamba faida nyingi inabaki Nairobi. Tanzania ilikuwa na Ujamaa, Kenya ina ubepari wake. Lakini kuna jambo moja la muundo ambalo huwa tunalipita haraka. Chombo cha juu kilikuwa marais watatu, na mambo mazito yalihitaji wote watatu. Idi Amin alipompindua Obote mwaka 1971, Nyerere alikataa kukaa meza moja naye. Tangu hapo chombo cha juu hakikukutana. Wakurugenzi, mawaziri na makarani waliendelea kuvuta mkokoteni miaka sita bila anayeshika usukani. Hapakuwa na njia ya wawili kuendelea huku wa tatu amesimama, wala mtu kulegeza fundo moja bila kufungua yote. Lilipofunguka, likafunguka lote: mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa 1977, ukafunguliwa 1983, na mgawanyo wa mali ukasainiwa 1984.

Walioandika mkataba wa 1999 walikuwa wanakumbuka hayo yote. Ibara ya 7 naisoma kama kovu.

Je, kuna mahali kulegeza masharti kumewahi kufanya kazi vizuri?

Ndiyo, na watu wamesahau kwa sababu kilichofanikiwa hakina kelele. Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005, hofu ya Tanzania na Uganda ilikuwa viwanda vya Kenya kuzimeza. Wakakubaliana hivi: bidhaa za Tanzania na Uganda ziingie Kenya bila ushuru tangu siku ya kwanza, lakini baadhi ya bidhaa za Kenya ziendelee kulipa zikiingia kwetu, ushuru ukishuka kidogo kidogo kwa miaka mitano hadi sifuri. Mwaka 2010 ukaisha, kama ilivyoandikwa.

Tazama kilichomo: nani anapata nafuu, kwa bidhaa zipi, na lini inakwisha. Kilikuwa na tarehe. Mwenye kiwanda cha sabuni aliweza kukaa na daftari lake akahesabu miaka.

Kwa nini mchele wa Asia unaingia Kenya kwa bei ya chini wakati tuna ushuru wa pamoja wa kulinda mchele wetu?

Swali la Mbarali hili, na la Kyela, na linaulizwa kwa hasira. Nitakaa nalo kidogo.

Ushuru wa pamoja wa forodha ni kiwango ambacho nchi zote za Jumuiya zinatoza bidhaa za kutoka nje. Kawaida kulikuwa na ngazi tatu, asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 ikaongezwa ya nne, asilimia 35. Juu ya hapo kuna orodha ya bidhaa nyeti, na mchele umo: asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kinachozidi ndicho kinatozwa. Ukisoma hapo tu, mkulima wa Ubaruku angelala usingizi.

Lakini kuna mlango wa pembeni. Nchi inaweza kuomba isitumie kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja. Baraza la Mawaziri likikubali, inachapishwa kwenye Gazeti la Jumuiya, kwa kawaida mwisho wa Juni mwaka wa fedha unapogeuka. Kenya imekuwa ikiutumia mlango huo kwa mchele na kutoza asilimia 35, kwa sababu inakula mchele mwingi kuliko inaolima na walaji wake wa mjini wanataka bei ya kuvumilika. Matokeo yake mchele wa Pakistani unakutana Nairobi na mchele wetu kwa bei ambayo mkulima wa Usangu, aliyelipa maji, mbolea na kibarua cha kuvuna, haiwezi.

Kabla hatujamnyooshea jirani kidole: Tanzania nayo hupita mlango huo huo. Ngano kwenye kitabu ni asilimia 35, sisi tumekuwa tukitoza 10 kwa kibali cha mwaka, kwa sababu ngano tunayolima haitoshi. Ile chapati unayokula Mwanjelwa asubuhi imepita mlango wa pembeni.

Lawama yangu iko kwenye kurudia. Kibali cha mwaka mmoja kikiombwa kila mwaka, mwaka hadi mwaka, kile kiwango cha pamoja kinabaki cha kuandikwa tu. Hiyo ingekuwa sheria ya miaka mitano, inayoshuka au kupanda kwa hatua kama ile ya 2005, mkulima angejua apande mpunga au ahamie vitunguu. Sasa hivi anasubiri Juni kama anavyosubiri mvua.

Mahindi yetu yalizuiwa Kenya mwaka 2021. Si ilikuwa siasa tu?

Ilikuwa siasa kiasi na sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, kiasi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, mojawapo kikiwa cheti kinachoonyesha sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Kiwango hicho ndicho kilichomo kwenye viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki ambavyo nchi zote zilikuwa zimevikubali, pamoja na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hakuna aliyekuwa anabishania kipimo. Ubaya ulikuwa kwamba zuio lilianza ghafla malori yakiwa njiani.

Upande wetu tusijisafishe. Watu wanavuna Mei, wanarundika mahindi chini yakiwa bado na maji, wanafunika turubai, halafu wanashangaa. Wa Iringa na Njombe wanajua kipimo cha chumvi: chukua chupa kavu, weka mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, usifunge gunia. Kipimo hicho hakifiki 13.5, kinakuonya tu kwamba uko mbali sana. Cha mashine nenda kwa wanunuzi wakubwa au ghala la serikali. Kumbuka pia kwamba mwaka 2017 serikali yetu wenyewe ilizuia mahindi kwenda nje ya nchi, na wakulima wa Rukwa na Songwe waliyaangalia yakishuka bei nyumbani. Jirani hana ukiritimba wa marufuku za ghafla.

Na ile ya Malawi ya 2025?

Hiyo ilitugusa sebuleni. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa bidhaa kama unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Ndizi za Rungwe na mchele wa Kyela soko lake la karibu ni Karonga na kuendelea kusini. Lori la ndizi likisimama Kasumulu siku mbili, ya tatu huna mzigo, una mbolea. Aprili, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, akatangaza Tanzania nayo inazuia mazao ya Malawi, na ya Afrika Kusini, ambayo ilikuwa haipokei ndizi zetu. Serikali zikazungumza, katazo letu likaondolewa baada ya muda mfupi.

Wengi walishangilia tulipojibu. Nami nilishangilia, siku ile. Lakini soma Itifaki ya Biashara ya SADC: nchi inayoona viwanda vyake vichanga vinakufa, au bidhaa za nje zimefurika ghafla, ina njia ya kuomba kinga ya muda. Malawi ina uhaba wa fedha za kigeni, shida ya kweli. Ingepita njia hiyo, mwenye ndizi angekuwa na notisi. Na sisi tungepita meza ya malalamiko kabla ya kufunga geti. Kwenye mpaka ambao Mnyakyusa wa huku na Mngonde wa Karonga wanasalimiana bila mkalimani, kufungiana geti kwa tangazo kunachekesha mpaka unapohesabu hasara.

Mgeni kutoka nchi ya Jumuiya anaruhusiwa kuja kununua parachichi au viazi shambani kwangu?

Kwa amri iliyotolewa na Wizara ya Viwanda na Biashara Julai 2025, hapana. Amri hiyo inakataza wasio raia kufanya biashara 15, na kununua mazao shambani ni mojawapo, pamoja na uwakala wa pesa za simu, ufundi wa simu, saluni na nyingine. Kenya ililalamika, ikisema inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza Julai 2010, inayowapa raia wa Jumuiya haki ya kufanya biashara katika nchi za wenzao.

Njombe nimesikia pande mbili kwa nguvu sawa. Dalali mzawa anasema sasa anapumua. Mkulima mwenye miti mia mbili ya parachichi anasema mnunuzi mgeni ndiye aliyekuwa akifika na fedha taslimu na kupandisha bei, na alipoondoka dalali akarudi na bei yake ya zamani na lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) juu. Mimi maoni yangu: kama Tanzania inaona sekta hiyo haikutakiwa kufunguliwa, ingerudi kwenye jedwali la ahadi zake ndani ya Itifaki ikaomba kuibadilisha. Amri ya nyumbani inayokata ahadi ya pamoja inampa kila jirani sababu ya kuandika yake.

Mkenya au Mrundi anaweza kuja kununua ardhi Mufindi kwa sababu ya Soko la Pamoja?

Hapana. Itifaki inasema wazi kwamba umilikaji na matumizi ya ardhi utafuata sheria za kila nchi. Anayekuambia vinginevyo pengine anatafuta kura.

Naweza kwenda Nairobi kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA?

Usijaribu. Chukua pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Kwenye mizani je, kuna sheria moja?

Hapa kuna mafanikio. Jumuiya ina sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, na kikomo cha jumla cha tani 56 kinafanana na kinachotumika upande wa kusini. Dereva aliyepita Makambako na Mpemba bila faini hatakutana na hesabu mpya kabisa Zambia. Ni sheria isiyo na mlango wa pembeni, na sijasikia mwenye lori akiililia. Matairi analilia, njia analilia, ila kikomo anakijua.

Sarafu moja itakuja lini?

Itifaki ilisainiwa Kampala Novemba 2013, lengo likiwa 2024. Lengo limesogezwa hadi 2031. Mimi sishangai wala sisikitiki. Sarafu moja inataka kila nchi ibane deni na mfumuko wa bei kwa kipimo kimoja, na hapo hakuna gia ya kupandia Kitonga: ukiingia umeingia. Sasa nchi ni nane, Somalia ikiwa imeingia 2024. Hata Ulaya, ambako wana fedha na wanasheria wa kutosha, Denmark ilijadili mapema na kubaki na krona yake, na bado ni mwanachama kamili.

Sisi Tanzania tuna uzoefu gani wa mambo haya?

Mkubwa kuliko tunavyojipa. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa Aprili 1964 ulianza na mambo 11 ya Muungano, mengine Zanzibar ikabaki nayo. Orodha ikakua hadi 22. Kelele nyingi za Muungano hazitoki kwenye kwamba orodha ipo, zinatoka kwenye namna ilivyorefushwa na nani aliulizwa. Ukimsikiliza Mzanzibari kwa utulivu utasikia malalamiko ambayo Mganda anayo kuhusu Nairobi na sisi tunayo kuhusu makaratasi ya Arusha.

Eneo huru la biashara la Afrika nzima halitafuta mkanganyiko huu?

Litaongeza kitabu kimoja zaidi mezani kwangu, kwa sasa. Mkataba ulisainiwa Kigali 2018, biashara ikaanza rasmi Januari 2021. Ule wa COMESA, Jumuiya na SADC kwa pamoja ulizinduliwa 2015, ukaanza kuwa na nguvu ya kisheria Julai 2024. Faida yake kwetu inaweza kuwa kubwa, kwa sababu ndiyo inayounganisha Tunduma na Nakonde chini ya paa moja na Namanga. Ila mpaka maafisa wa geti wapewe mafunzo na ushuru wa kila bidhaa ukubaliwe, endelea na cheti cha SADC.

Nimekwama mpakani sasa hivi. Nifanyeje?

Usibishane dirishani. Uliza jina la kanuni na tarehe yake, uandike. Kama ni kibali kilichokosekana, piga picha karatasi zote na umtumie wakala wako. Kama ni katazo jipya, uliza limeandikwa wapi, maana mara nyingine utakuta ni maelekezo ya simu. Kama una ndizi au nyanya, anza kutafuta mnunuzi upande huu wakati bado unauliza. Ipo mifumo ya kuripoti vikwazo visivyo vya kiushuru, ya Jumuiya na ule wa pamoja na SADC na COMESA. Ripoti hata kama umeshavuka, kwa sababu jambo ambalo halikuandikwa litamkuta mwenzako kesho.

Na kama ni mimi niliyekosea cheti, nipigie. Hata saa nne usiku.